Mwosha Hakuwapo

Siku ile uani kwetu tulikuwa watano. Nilikuwapo mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Alikuwapo Bakari, mdogo wangu, aliyechimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, kisha akaenda kusimama penye uzio kuangalia njia. Alikuwapo shangazi yetu Somoe, aliyeshika shuka la kusitiri. Alikuwapo Mwanaiba, jirani yetu, aliyemimina maji. Na alikuwapo Rehema, kitinda mimba wetu, aliyekuwa amekata roho tangu alfajiri.

Hao ndio wote. Mwosha hakuwapo. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hapa Mahurunga watu wanaamini kwamba alikuwapo, na waliowafanya waamini hivyo ni sisi, mimi nikiwa wa kwanza.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwa akiishi hapa ni wachache waliolitumia. Akipita walisema Mwosha huyo anapita, na mbele yake tulimwita bibi. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na mikono yake ilikuwa mipana kama ya mwanamume mlima korosho. Kucha alizikata hadi karibu na nyama. Hakuvaa pete wala bangili, maana alisema hajui ataitwa saa ngapi, na hataki kusimama mlangoni kwa mfiwa akihangaika na bangili.

Alikaanga vitumbua kila asubuhi akaviweka kwenye sinia kando ya njia ya zahanati. Watu walimsalimia vizuri, wakamuuliza hali, wakaenda kununua vya mama wa pili yake. Hakuna aliyetaka kula kilichotoka kwenye mikono ile. Yeye aliwatania. “Kataeni tu,” alisema. “Ipo siku mtaletwa kwangu na hamtakuwa na neno.” Mwendesha pikipiki mmoja alimjibu, “Siku hiyo niwekee na kitumbua pembeni, bibi, nitakuwa na nafasi.” Alicheka mpaka akakaa chini.

Sisi tulivila. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia miaka miwili nyuma, mimi nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule wiki ile ile. Bakari alikuwa na miaka minane, Rehema alikuwa na mitatu, na hapakuwa na wa kumwachia. Kila siku karibu na adhuhuri Mwosha alipita kwetu na sinia lake limefunikwa kanga. “Havikununuliwa,” alisema. “Sasa nivitupe?” Miaka ilipita kabla sijajiuliza kwa nini mtu asiyeuza hata kimoja anaendelea kukaanga sinia zima kila siku.

Alipokuja kumwosha mama, wanawake walisema mtoto asiingie. Akasema, “Huyu si mtoto tena. Huyu ndiye mkubwa.” Akaniweka upande wa kichwa, akanionyesha jinsi ya kukilaza kwenye kiganja ili maji yasiingie puani. Sikulia. Nilikuwa nashughulika na maji yasiingie puani. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Mkubwa, na nilipofika umri wa kuvumilia alinichukua kuwa msaidizi wake. Nilibeba mfuko wake wenye majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba na udi, na nilimimina maji yeye akiosha.

Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala. Maji yawe ya uvuguvugu. Anza upande wa kulia. Usimfunue zaidi ya pale unapopaosha. Usiseme mambo yako juu yake. Na ukitoka umesahau. Hilo la mwisho ndilo alilolishika kuliko yote. Safari moja tulimwosha mwanamke ambaye kila mtu alijua mumewe ana mkono mwepesi. Kesho yake kisimani wanawake wakamzunguka Mwosha. Ati alikuwa na alama? Ati mbavu zilikuwaje? Akajitwisha ndoo yake. “Nilimwona mtu aliyekufa,” akasema, akaenda zake.

Kabla ya kuosha alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Alizunguka ua mzima akiwa na fimbo, akiuliza: kisima kiko wapi, choo kiko wapi, mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Ndipo alipochora chini mahali pa kuchimba ufuo. Wakati mwingine alikataa mahali pazuri, karibu na mlango, akawapeleka wachimbaji mbali huko kwenye mikorosho. Mimi nilisimama na mfuko begani nikihesabu hatua zake. Nilidhani ni madaha ya kizee. Sikuuliza, naye hakueleza.

Mtu akisikia hayo atadhani alikuwa mtu mzito. Hakuwa. Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na timu yake ikicheza hakuitika hodi ya mtu. Alimtukana mwamuzi mpaka watoto wakakusanyika kusikiliza. Mkono wake haukutetemeka kumfumba macho mfu, lakini aliogopa bata. Akimwona bata njiani alizunguka kwa nyuma ya nyumba, na tulipomcheka alisema, “Nyinyi hamjamtazama machoni.”

Na serikali alikuwa na ugomvi wa miaka. Mtendaji wa kijiji akipita kukusanya michango, yeye alikuwa amelala, au anaumwa, au amekwenda Kitaya kwa ndugu. Mapokezi ya wakubwa hakuhudhuria hata mara moja. Mtendaji akamuuliza siku moja, “Bibi, wewe una shida gani na serikali?” Akamjibu, “Serikali ikiniambia ninawe, nitanawa. Ikiniambia nipige makofi, mikono inauma.”

Ndiyo maana kipindupindu kilipoingia watu walimshangaa.

Kilianzia nyumba za karibu na mto, masika yalipokuwa yamekolea. Bwana afya akaletwa, kijana wa bara, Mkristo, mwenye pikipiki na daftari. Akasimamisha mahema ya wagonjwa nyuma ya zahanati. Akatangaza masharti: maji yachemshwe, kila choo kiwe na kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni, birika la msikitini lifungwe watu watie udhu makwao, matangani pasipikwe wala pasiliwe. Na atakayekufa kwa ugonjwa huo asioshwe nyumbani. Watu wa afya watampulizia dawa, watamtia kwenye mfuko, watazika wao, ndugu wakiwa mbali.

Kijiji kikachemka. Baada ya swala wanaume walibaki barazani wakigombana. Birika ni dini, walisema. Kumlisha mfiwa na wageni wake ni dini. Na maiti wa Kiislamu kutiwa kwenye mfuko bila maji, hilo lilikuwa halitamkiki. “Leo kijana wa bara ndiye anatufundisha kuzika,” alisema mzee mmoja, na wengi wakaitikia.

Mwosha alikuwa wa kwanza kutundika kibuyu chirizi. Alikitundika mbele kabisa, njiani, kila mtu akione. Akaacha kukaanga vitumbua. Wakamwendea wazee wenyewe wamuulize inakuwaje yeye, ambaye hajawahi kuruka swala, anakubali. Nilikuwapo, nilikuwa namsukia ukili wa mkeka. Akasema, “Yule kijana amesoma maji. Mimi nimesoma maiti. Ugonjwa huu unatoka kwa maiti unaingia kwenye maji. Basi nisimsikilize?”

“Na kuosha je, bibi? Faradhi hiyo.”

“Maji yakidhuru, iko tayamamu. Iliwekwa kabla yangu na kabla ya zahanati. Nitachukua vumbi safi nifanye juu ya mfuko. Mungu haoni kupitia mfuko?”

Hawakupenda. Wakaanza kumwita mwosha wa serikali. Ninakiri kwamba mimi nami nililitumia jina hilo, kwa sauti ndogo, nikiwa na Mwanaiba.

Rehema alikuwa anasubiri majibu ya kidato cha nne. Mimi niliishia la sita, Bakari la saba, na kila kilichobaki tulikiweka kwa Rehema. Mama aliniambia kitu kimoja tu kabla hajaondoka: huyu mdogo usimwache mikononi mwa watu. Ugonjwa ulimshika jioni. Tulijua ni nini. Sikumpeleka kwenye mahema, kwa sababu nilikuwa nimeona watu wakiingia mle na mifuko ikitoka. Nilimpa uji wa chumvi na maji ya madafu. Adhana ya alfajiri ilipokwisha hakuwa nasi.

Nilimtuma Bakari kwa Mwosha. Alikuja akijifunga kanga, akasimama kizingitini, hakuvuka. Akatazama mkeka, akatazama ndoo.

“Alihara kama maji ya mchele?”

Nikaifunika ndoo.

“Mkubwa, sitamwosha. Na wewe usimwoshe. Bwana afya alikwenda Kitaya jana, anarudi leo. Msimguse mpaka aje. Naenda kumsubiri njiani, na nitakapokuja nitakuja na vumbi langu.”

“Mama yangu ulimwosha,” nikasema.

“Mama yako hakufa na hiki.”

“Sema unaogopa. Sema unamwogopa kijana mwenye daftari kuliko Mungu. Vitumbua vyako tulikula sisi, kijiji kizima kinakuona kinyaa, leo wewe unatuona sisi kinyaa?”

Nilitaka anitukane kama alivyowatukana waamuzi. Akasema taratibu, “Aliyenifundisha kuosha alinifundisha na kuacha. Hilo sikuwahi kukufundisha, ni kosa langu.” Akageuka, akashika njia ya Kitaya.

Ua wetu ulikuwa na mkunazi. Karafuu maiti nilikuwa nayo, kwa sababu mfuko ulikuwa ukilala kwangu. Mikono ilijua kazi. Bakari akauliza achimbe wapi, nikamwonyesha penye udongo laini, nyuma ya jiko, hatua kama kumi kutoka kwenye kisima tulichochangia na kina Mwanaiba. Sikuzunguka ua. Sikuuliza maji yanaelekea wapi. Nilimwosha mdogo wangu mara tatu, kuanzia kulia, maji ya uvuguvugu, bila kumfunua. Yote niliyofundishwa niliyafanya sawasawa, isipokuwa lile nililoliona madaha. Mwanaiba alimimina vizuri, maji hayakuingia puani. Wanaume wachache wa karibu wakaambiwa ni homa, wakaja wakabeba, na kabla ya adhuhuri Rehema alikuwa amezikwa.

Mwosha alirudi tukiwa tumeketi mkekani. Bwana afya hakuonekana njiani, huko Kitaya wagonjwa walikuwa wamemzidi. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Akaangalia nyumba iliyofagiliwa, nywele zangu zilizolowa, ufuo uliofukiwa upya. Akauona na umbali wake kutoka kisimani. Alifungua kile kitambaa, akakikung'uta chini ya mkunazi, vumbi jeupe lililochekechwa vizuri, akaondoka.

Mwanaiba alianza kuhara siku ya pili. Yeye walimpeleka kwenye mahema, na hakurudi. Akafuata mzee wa nyumba ya chini, naye alikuwa akichota kisima kile kile. Mwanaiba alitiwa kwenye mfuko, na aliyesimama kando ya mfuko, akapiga viganja kwenye vumbi na kupitisha mkono mahali palipokuwa na uso wake, ni Mwosha. Mimi nilitazama kwa mbali, nimemshika mkono Salima, binti wa Mwanaiba, wa miaka sita.

Bwana afya alipofuatilia kisima kile alifika uani kwetu, akafukua ufuo, akakuta majani ya mkunazi. Akaitisha mkutano ofisi ya kijiji.

“Kuna mtu aliosha mwili katika nyumba ile,” alisema. “Sitaki kumfunga mtu. Nataka kujua nani, ili nijue amegusa wapi kwingine.”

Kisha shangazi Somoe akasema, “Kwani waosha wa kijiji hiki ni wangapi?”

Hakudanganya. Aliuliza tu. Vichwa vyote vikageuka. Mama mmoja akasema alimwona alfajiri akija kwetu. Mwingine akasema alimwona tena adhuhuri. Mtendaji, aliyekuwa akiisubiri nafasi hii kwa miaka, akamuuliza, “Bibi, uliosha?”

“Sikuosha.”

“Nani aliosha?”

Hapo alinitazama. Nilijua sharti lake la mwisho, na yeye alijua kwamba nalijua. Ukitoka umesahau. Kinachotokea penye maiti hakisimuliwi. Alilishika hata kwa maiti ambaye hakumgusa. Alichokifanya ni kunitazama tu, akiniachia nafasi.

Mtendaji akanigeukia. “Wewe ndiye mwenye nyumba. Aliosha?”

Salima alikuwa mapajani mwangu. Nikasema, “Mimi nilikuwa nalia. Sikuona.”

Wakaandika jina lake. Wakamkataza kugusa maiti ndani ya kata. Wale waliomwita mwosha wa serikali wakaanza kumwita muuaji, na sikusikia mtu akijiuliza inawezekanaje kuwa vyote viwili. Kibuyu chirizi chake kilikatwa kamba. Alikaa miezi mitatu, kisha binti yake akaja kumchukua, wakaenda kuishi Mtawanya, kwenye kingo za mji.

Salima nilimchukua mimi. Baba yake alivuka mto kutafuta kazi Msumbiji, na salamu zake zilizidi kuwa chache. Sikumkosesha kitu nilichokuwa na uwezo nacho. Ananiita mama. Amemaliza shule mwaka huu. Watu hunisifu kwa ajili yake, wakisema nililea wadogo zangu nikalea na wa jirani, na mimi hujifanya nina kitu jikoni.

Mwaka jana, korosho zilipokwisha kuuzwa, nilikwenda Mtawanya. Nilimkuta amekaa kwenye ngozi ya mbuzi mbele ya nyumba ya binti yake, macho yameingia ukungu, redio ile ile sikioni. Nikapiga hodi. Akainua kiganja kunyamazisha. Nikakaa chini nikasubiri kipindi cha kwanza kiishe. Mwamuzi alitukanwa mara mbili.

“Sasa sema,” akasema alipozima.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Mkubwa. Umechelewa kufika. Basi lilikuwa bovu?”

“Miaka yote hii, bibi, si basi.”

“Najua si basi. Nakutania.”

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akauliza, ya nini. Nikasema anajua. Akasema, “Mimi najua. Nataka kusikia kama wewe unajua. Hesabu waliokuwapo.”

Nikahesabu. Mimi, Bakari, Somoe, Mwanaiba, Rehema. Nikaeleza nilivyomwonyesha Bakari pa kuchimba. Nikarudia yale niliyosema ofisini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipapasa chini akachukua kikombe cha maji akanipa.

“Yamechemshwa,” akasema. “Kunywa.” Nikanywa. “Mimi nimekusamehe zamani. Ulikuwa mkubwa ukiwa na miaka kumi na mitatu, mtu wa hivyo huchoka mahali asipopategemea. Lakini hukuja kunilipa mimi. Yule binti wa Mwanaiba alikuja soko la hapa na wenzake. Nilisikia sauti, ni ya mama yake kabisa. Nikamsalimia. Wenzake wakamwambia mimi ni nani. Alitema mate chini, Mkubwa. Sikukasirika. Anadhani mimi ndiye niliyemtia mama yake kaburini. Mtoto ana haki ya kujua amtemee mate nani.”

“Ataondoka kwangu, bibi.”

“Labda.”

“Sina mwingine.”

“Hilo nalijua pia.” Akatafuta mkono wangu, akaupata, akaupindua na kupitisha kidole kwenye kucha. Zilikuwa fupi. “Nikifa nataka unioshe wewe. Wa mjini wana haraka. Lakini usinishike kabla hujamwambia. Ukija na mikono hiyo hiyo, binti yangu nimemwagiza akurudishe mlangoni.”

Kisha akawasha redio. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza.

Nimerudi na miezi imepita. Kila Ijumaa binti yake hunitumia ujumbe kwa niaba yake, neno moja tu: Tayari? Na mimi hujibu: Bado. Mwezi huu ujumbe mmoja uliongezwa maneno mengine, kwamba bibi hali tena chochote ila uji.

Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka kisimani, kile kipya cha mbali. Salima alikuja kunipokea ndoo. Simu yangu ilikuwa mkononi mwake.

“Mama, nani huyu anakuuliza tayari kila wiki?”

“Mtu anayenidai.”

Alijitwisha ndoo, akatembea mbele yangu kidogo, akifikiri. Ana mabega ya Mwanaiba.

“Mbona hukuniambia?” akasema. “Deni lenyewe likiwa kubwa, si tutalipa wote?”

Nikamwangalia mgongoni mpaka tulipofika uani. Akatua ndoo bila kumwaga. Akaniuliza amjibu nini yule mtu, kidole chake kikiwa tayari kwenye simu.

Nikamwambia aandike bado.